Kijana aliye chini ya miaka 18 anapotaka mlezi nje ya nyumba yenye ukatili: sheria inamfungulia mlango gani?

Msaidizi wa Kata (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, habari za jioni.

Mimi ni msaidizi wa kisheria wa kujitolea katika kata moja ya mkoa wa Morogoro. Nimefungua uzi huu kwa sababu ya swali ambalo huletwa kwangu mara kwa mara, mara nyingi na mtoto mwenyewe akiwa bado na sare za shule: je, mtu wa miaka 14, 15 au 16 anayepigwa, kunyimwa chakula au kutendewa mabaya zaidi ya hayo nyumbani kwao, anaweza kuhamia kwa mtu mwingine, na mtu huyo akatambuliwa na sheria kuwa mlezi wake? Anaweza. Lakini njia yake siyo ile wanayoidhania wengi, na kwa kutoijua, nimeona watoto wakirudishwa katika mikono ileile iliyowaumiza.

Nianze na lisilowezekana. Wapo vijana waliosoma mitandaoni kwamba katika baadhi ya majimbo ya Marekani mtoto huweza kuiomba mahakama imtambue kama mtu mzima kabla ya umri, nao hudhani hata hapa ni hivyo. Sheria ya Mtoto Namba 21 ya mwaka 2009, inayotumika Tanzania Bara, inasema katika kifungu cha 4 kwamba mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18, na haina utaratibu wa kumpandisha mtoto kuwa mtu mzima kabla ya siku hiyo. Kwa hiyo kijana wetu hatafuti kujitawala. Anatafuta mtu mzima mwingine wa kumsimamia, na ombi lake halina budi kupitia kwa mtu ambaye sheria imempa kazi hiyo.

Mtu huyo ni Afisa Ustawi wa Jamii. Yupo katika kila halmashauri, na baadhi ya kata zina wa kwao. Kifungu cha 16 kinaeleza ni mtoto yupi anayehesabiwa kuwa anahitaji uangalizi na ulinzi: yatima au aliyetelekezwa na ndugu, anayetendewa vibaya au kupuuzwa na anayemlea, ambaye mlezi wake ni mlevi au mhalifu asiyefaa kulea, na wengine wa namna hiyo. Afisa akiridhika kwamba mtoto yumo katika kundi hilo, anaweza kwenda Mahakama ya Watoto kuomba amri ya matunzo chini ya kifungu cha 18. Amri hiyo ikitolewa, haki za mzazi huhamia kwa Afisa Ustawi kwa muda usiozidi miaka 3, au mpaka mtoto atimize miaka 18 ikiwa hilo litatangulia, naye ndiye huamua mtoto akae wapi: katika makao ya watoto yaliyoidhinishwa, kwa mtu anayefaa aliyeidhinishwa, au kwa ndugu.

Hapo kwenye “mtu anayefaa” na “ndugu” ndipo shangazi, bibi, mjomba au mama wa rafiki yake anapoingia. Ninalisisitiza jambo hili kwa sababu vijana wengi huogopa kuripoti wakiamini kwamba mwisho wa yote ni kupelekwa kituo cha watoto katika mji wasioujua. Makao ni mojawapo tu ya sehemu zinazowezekana, na kijana anayefika kwa afisa akiwa na jina la mtu mzima mwenye nyumba, mwenye moyo na aliyekwisha kukubali, huwa amemrahisishia afisa nusu ya kazi.

Niwaonyeshe lilivyotokea kwa binti mmoja wa kidato cha pili, ambaye nimebadilisha yote yanayoweza kumtambulisha. Alikuja kwangu saa 10 jioni, akakaa kwenye benchi bila kusema lolote, kisha akafungua daftari lake la Hisabati kwa nyuma. Kurasa tano zilikuwa zimepigwa mistari kwa rula. Upande wa kushoto aliandika tarehe, katikati kilichotumika kumpigia, “waya wa pasi”, “mwiko”, “mkanda”, na upande wa kulia aliyekuwepo akashuhudia. Mahali pengi palipotakiwa jina la shahidi aliandika “mdogo wangu”, na mdogo wake alikuwa na miaka 6. Alikuwa amekwisha kwenda ofisi moja, ambayo sitaitaja, akaambiwa arudi wakayamalize nyumbani. Tulikwenda pamoja kwa Afisa Ustawi kesho yake asubuhi, na daftari lile liliingizwa karibu lote katika taarifa ya uchunguzi wa kijamii iliyopelekwa mahakamani. Hakimu alipomuuliza angependa kuishi wapi, alijibu kwa sauti ndogo sana kwamba kwa mama yake mdogo. Hakumwuliza kwa hisani. Kifungu cha 11 kinampa mtoto haki ya kutoa maoni, kusikilizwa na kushiriki katika maamuzi yanayomhusu.

Mahakama ya Watoto haifanani na ile ya kwenye runinga. Shauri husikilizwa faraghani, Afisa Ustawi anakuwepo, na mtoto ana haki ya kuwa na ndugu yake na wakili. Dar es Salaam ipo ya Kisutu. Mikoani, muulizeni karani wa mahakama ya wilaya mashauri ya watoto husikilizwa wapi na siku gani.

Zipo njia nyingine mbili. Ya kwanza ni mzazi wa pili. Ikiwa wazazi wametengana na ukatili uko upande mmoja, mama au baba aliye upande wa pili anaweza kuomba mahakamani apewe mtoto, na matakwa ya kijana mwenye umri wa kutoa maoni yake mwenyewe hupewa uzito. Nashangaa jinsi inavyosahaulika. Nimeona mtoto akipelekwa kwa jirani hali mama yake mzazi yupo Dodoma, hajaulizwa. Ya pili ni ndugu anayemlea mtoto tayari, ambaye kifungu cha 37 kinamruhusu kuomba yeye mwenyewe haki ya kukaa naye. Malezi ya kambo yapo pia, ambapo familia isiyo ya ukoo huchunguzwa na kuidhinishwa, lakini hatua zake ni nyingi, na kwa mtu anayehitaji pa kulala wiki hii sishauri kuanzia huko.

Ninawakaribisha kuuliza. Nitajibu ninayoyajua.

Mama Watatu

Ahsante sana kwa uzi huu, umenikuta nikiwa katikati ya jambo hilo. Mtoto wa marehemu dada yangu, miaka 13, yuko darasa la saba, alikuja kwangu Ijumaa usiku kwa miguu kutoka kwa baba yake, na mgongo wake sitaki kuuelezea hapa. Mume wangu amekubali akae. Tatizo ni kwamba shemeji amepiga simu akisema atakwenda polisi kushtaki kwamba nimemtorosha mtoto wake. Je, anaweza?

Msaidizi wa Kata

Dada yangu, pole sana, na Mungu akulipe kwa kumfungulia mlango.

Kwenda polisi anaweza, na ndiyo sababu nakuomba umtangulie. Sheria inakataza mtu kumwondoa mtoto isivyo halali mikononi mwa anayemlea kihalali, na baba mzazi, hata akiwa mkatili, machoni pa sheria bado ni mlezi halali mpaka mahakama iseme vinginevyo. Kinachokutofautisha wewe na mtoroshaji ni kwamba hukumficha mtoto. Kesho asubuhi nenda kwenye ofisi ya serikali ya mtaa wako, umweleze mtendaji kwamba mtoto fulani amekuja kwako tarehe fulani akiwa na majeraha, uombe barua ya utambulisho kwenda Ustawi wa Jamii. Kifungu cha 95 kinamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinakiukwa atoe taarifa kwa serikali ya mtaa, kwa hiyo hapo unatimiza wajibu wako, huombi fadhila ya mtu.

Kisha nenda Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, upewe fomu namba 3, ile inayoitwa PF3, mtoto apelekwe hospitali ya serikali. Usimwogeshe, wala usifue au kutupa nguo alizokuja nazo. Zifunge kwenye mfuko wa karatasi au khanga kavu uzihifadhi. Daktari ataandika anachokiona, na maandishi ya daktari yana nguvu kuliko maneno yangu na yako. Wapo pia wanaokwenda kwenye vituo vya Mkono kwa Mkono, ambapo daktari, polisi na Afisa Ustawi huwa sehemu moja. Uliza kama hospitali ya wilaya yako inacho. Na ikiwa katika mazungumzo atagusia lolote la kuingiliwa kimwili, usisubiri asubuhi, kwa kuwa dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hutakiwa kuanza ndani ya saa 72.

Kuna jambo moja ambalo familia hulisahau baada ya hasira kupoa. Usikubali kikao cha ukoo kiandike karatasi ya kwamba “tumekubaliana mtoto akae kwa mama mdogo” halafu mambo yaishie hapo. Wenzetu wengi hufanya hivyo kwa nia njema kabisa. Miezi minne baadaye baba anaghairi, anakuja na ndugu wawili na bodaboda, na ile karatasi haimzuii mtu. Mimi nilishuhudia mtoto akivutwa kutoka shuleni namna hiyo, mwalimu mkuu akishindwa kuzuia kwa sababu aliyekuja ni baba mwenye cheti cha kuzaliwa mkononi. Kikao kifanyike kama kinasaidia, lakini amri ya mahakama itafutwe vilevile.

Na gharama zisikutishe. Mtoto kuhamia kwako hakumwondolei baba yake jukumu la matunzo. Mahakama inaweza kumwamuru achangie.

Mzee wa Mvomero

Nimesoma kwa makini. Sipingi kumwokoa mtoto anayeumizwa. Hofu yangu ni kwamba watoto wa siku hizi wakijua haya, kila atakayechapwa fimbo mbili kwa kutoroka shule atakimbilia Ustawi, na sisi wazazi tutabaki hatuna sauti katika nyumba zetu. Malezi bila adhabu yatatupeleka wapi?

Msaidizi wa Kata

Shikamoo mzee. Hofu hiyo ninaisikia kila ninapokwenda kwenye mikutano ya mtaa, na sitaki kuipita juu juu.

Sheria ya 2009 haikumnyang'anya mzazi haki ya kumrudi mtoto. Kifungu cha 13 kinakataza mateso na adhabu za kikatili au za kudhalilisha, na kinasema kwamba hakuna adhabu inayohalalika ikiwa imepita kiasi kwa aina yake au ukali wake, ukizingatia umri wa mtoto, mwili wake na akili yake. Anayevunja masharti hayo anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, kufungwa kwa muda usiozidi miezi 6, au vyote viwili. Afisa Ustawi anapofika nyumbani huuliza mengi kabla ya kuandika neno moja: huzungumza na majirani, na mwalimu, na mzazi mwenyewe. Tena si kila shauri huishia kumtoa mtoto. Ipo amri ya usimamizi, ambayo mtoto hubaki nyumbani kwao na afisa akawa anatembelea kuangalia kama hali inabadilika, na nimeona familia mbili zikisimama upya kwa njia hiyo, mojawapo baada ya baba kuacha pombe.

Lakini mzee wangu, turuhusu pia ukweli wa upande wa pili. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009, ukihusisha UNICEF na Chuo Kikuu cha Muhimbili, ulikuta kwamba karibu robo tatu ya vijana waliohojiwa, wa kike na wa kiume, walikuwa wamepata ukatili wa kimwili utotoni, na karibu wasichana 3 kati ya 10 walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18. Katika kazi yangu sijapata kuona mtoto aliyetembea kilomita kwa miguu usiku kwa sababu ya fimbo mbili. Wanaofika kwetu wamechelewa, tena sana.

Mwalimu wa Kanda ya Ziwa

Naomba kuongeza kutoka shuleni. Mimi ni mwalimu wa ushauri na unasihi, na ninachokiona kwa wasichana ni kwamba wakishindwa kuvumilia nyumbani hukimbilia kwenye milango miwili: kuolewa, au kazi za ndani mjini. Mwaka jana binti wa miaka 15 aliniambia kwa utulivu kabisa, “Mwalimu, nikiolewa baba hataweza tena kunigusa.” Sikuwa na la kumjibu kwa wakati ule. Sheria inasemaje?

Msaidizi wa Kata

Mwalimu, nashukuru kwamba umeyaleta maneno ya binti huyo yalivyo.

Kuhusu ndoa, Sheria ya Ndoa ya 1971 ilimruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, ilitamka kwamba vifungu vya 13 na 17 vya sheria hiyo vinakiuka Katiba, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo. Kwa mwanafunzi jambo ni zito zaidi, maana tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya 2016, anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Mlango huo binti anaouona kama wa kutokea unampeleka kwa mwanaume ambaye sheria inamtafuta, na yeye mwenyewe anakuwa hana mlezi kwa upande wowote.

Kazi za ndani nazo, sheria inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, isiyomdhuru mtoto wala kumzuia shule, na inakataza kumfanyisha kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Wewe na mimi tunajua binti wa kazi anaamka saa ngapi. Bosi wake si mlezi wake, na akipigwa huko anakuwa mbali na kila anayemjua.

Akija mwingine kama yule, mwalimu, mpe namba 116. Ni huduma ya simu kwa mtoto, hailipiwi, na inapokelewa usiku na mchana; anaweza kupiga hata kwa simu ya jirani isiyo na salio. Halafu mwulize swali moja: “Nani katika ukoo wenu au mtaa wenu ungependa ukaishi kwake?” Mara nyingi jina analo siku zote, ila hakuna aliyemwuliza.

Mwana wa Kisauni

Salaam kutoka Mombasa. Kwa wasomaji wa Kenya, huku tunafuata Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2001. Pa kuanzia ni kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo au kwa chifu, na namba ya 116 inafanya kazi kwetu pia. Kwa Waislamu kuna jambo ambalo wengi hawalijui: sheria hiyo mpya inaitambua kafaalah, yaani Mwislamu kumchukua na kumlea mtoto anayehitaji ulinzi bila kumbadilisha nasaba. Bibi yangu alilea watoto watano wa watu kwa namna hiyo bila kujua kwamba siku moja ingeandikwa katika sheria.

Msaidizi wa Kata

Shukrani ndugu yangu. Na kwa walioko Zanzibar, wao wana sheria yao ya watoto ya mwaka 2011 na mahakama yao ya watoto. Pa kuanzia ni kwa sheha au Ustawi wa Jamii.

Kijana wa 17

Shikamoo. Nina miaka 17 na nusu, niko kidato cha nne. Baba alifariki, naishi kwa baba mkubwa ambaye ndiye msimamizi wa mirathi. Sipigwi sana siku hizi, lakini nafungiwa nje usiku na ada hailipwi wakati nyumba ya baba ina wapangaji. Kila mtu ananiambia nivumilie miezi sita iishe. Kuna maana yoyote ya kwenda Ustawi?

Msaidizi wa Kata

Marahaba mwanangu. Ipo maana kubwa, na nitakueleza kwa nini.

Kwanza, kufungiwa nje usiku ni ukatili hata kama fimbo imepungua. Amri ya matunzo kwako itakuwa fupi, ni kweli, kwa kuwa itakoma ukitimiza miaka 18, lakini miezi hii sita ndiyo yenye mtihani wako wa taifa, na afisa anaweza kumwita baba yako mkubwa ofisini hata kabla ya suala kufika mahakamani. Fika ukiwa na jina la ndugu wa upande wa mama kama yupo.

Pili, na hili ulishike sana: kusimamia mirathi na kuwa mlezi ni mambo mawili tofauti. Mahakama ilipomteua baba yako mkubwa, ilimpa kazi ya kukusanya mali ya marehemu, kulipa madeni na kugawa kwa warithi, kisha kurudisha hesabu mahakamani. Haikumpa nyumba, na haikumpa wewe. Unaweza kuhama kwake bila kupoteza fungu lako hata shilingi moja. Mwombe Afisa Ustawi au msaidizi wa kisheria akusaidie kupata namba ya shauri la mirathi katika mahakama iliyomteua, mfungue malalamiko hapohapo kuhusu kodi za wapangaji. Msaada huo hutolewa bure kwa wasio na uwezo; ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na ukiwa mjini waulizie TAWLA (chama cha wanasheria wanawake), WLAC (kituo cha msaada wa kisheria kwa wanawake) au Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu.

Usiku ukifungiwa, usilale nje. Nenda kwa mjumbe, umwamshe, mwambie aandike saa uliyofika.

Kijana wa 17

Ahsante sana. Yupo mama mdogo Kilosa. Nitampigia leo.

Mama Watatu

Narudi kuleta mrejesho, maana mlinisaidia. Jumatatu nilikwenda kwa mtendaji, nikapata barua. Polisi walinipa PF3 bila shida, daktari akahesabu makovu moja moja na kuyaandika. Alhamisi Afisa Ustawi alikuja nyumbani, dada mmoja mpole. Aliangalia mtoto analala wapi, akauliza tunakula nini na mara ngapi, kisha akamtoa nje peke yake, wakakaa chini ya mwembe karibu saa nzima. Sikusikia walichozungumza na sikumwuliza. Shemeji ameitwa ofisini wiki ijayo, na afisa amesema atapeleka maombi ya amri ya muda mahakamani ili mtoto aendelee kukaa kwangu wakati uchunguzi unaendelea.

Jana jioni aliniomba sindano na uzi mweusi. Kaptula ya shule aliyokuja nayo ilichanika, na anataka Jumatatu awahi namba.